Jina la Kukodi na Mipaka Yake

Mkulima wa Mara ajua kwamba neno zito kuliko yote katika hati ya shamba ni mpaka. Shamba lisilo na mpaka ni ugomvi unaongoja mvua za kwanza. Ajabu ni kwamba mtoto wa mkulima huyo huyo, akiisha kuhamia mjini Musoma au Bunda na kufungua biashara, aitwapo na kampuni kubwa aweke sahihi katika mkataba wa kuuza bidhaa zake, huuliza kamisheni ni kiasi gani, huuliza gari litafika siku gani, wala haulizi mpaka wake ni upi. Haulizi ni nani mwingine aliye na ruhusa ya kuingia ndani ya mpaka huo. Siku atakapouliza, aghalabu jirani amekwisha kulima.

Jambo hili twataka kulizungumza kwa kirefu, kwa kuwa ni jambo la riziki za watu, na kwa kuwa limefichwa katika lugha ambayo wengi wetu hatukuizoea.

Kuna aina ya biashara ambayo wanasheria huiita fransaizi. Maana yake, kwa Kiswahili cha kawaida, ni kukodi jina. Kampuni yenye jina linalojulikana, na siri ya kutengeneza kitu, na taratibu za kukiuza, humruhusu mtu mwingine kulitumia jina lile mahali fulani, kwa muda fulani, kwa malipo. Yule wa kwanza tutamwita mwenye jina. Wa pili tutamwita mpangaji, maana hali yake ni ya mpangaji hasa: nyumba aipaka rangi yeye, paa alitengeneza yeye, wageni awakaribisha yeye, lakini hati iko kwa mwingine. Wako na ndugu zake wa karibu: msambazaji aliyepewa wilaya ya kupeleka bia au saruji, mwenye kituo cha mafuta kilichopakwa rangi za kampuni, wakala wa fedha za simu mwenye meza yake chini ya mwavuli. Mbele ya sheria hao si kitu kimoja. Lakini kwa swali letu la mpaka, yampatayo mmoja huwapata wote.

Tuanze na soda, kwa sababu kila mtu ameinywa. Chupa ya Coca-Cola ifunguliwayo mwaloni Musoma haikutoka Marekani. Imejazwa Mwanza, katika kiwanda cha Nyanza Bottling Company, ikapakiwa katika lori, ikapita Magu na Lamadi na Bunda. Mtu wa Moshi hunywa kinywaji chenye jina lilo hilo, lakini kilichojazwa na Bonite. Na wa Dar es Salaam hunywa cha Coca-Cola Kwanza. Jina moja, ladha moja, wapangaji watatu, kila mmoja na upande wake wa nchi. Pepsi imekwenda kwa njia nyingine: kampuni moja, SBC Tanzania, ina viwanda Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya. Mnywaji haoni tofauti yoyote. Aliyeweka mtaji wake katika mitambo aiona sana, kwani thamani ya mitambo ile yategemea kwamba mwenye jina hatampa mtu mwingine leseni ng'ambo ya barabara.

Desturi hiyo ya kugawanya nchi ina umri wa zaidi ya miaka 120. Mwezi Julai mwaka 1899 mawakili wawili wa mji wa Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimwendea Asa Candler, mkuu wa kampuni ya Coca-Cola mjini Atlanta, wakaomba ruhusa ya kukitia kinywaji kile katika chupa. Wakati ule kiliuzwa kwa bilauri, kikichanganywa mbele ya mnunuzi katika maduka yenye mabomba ya soda. Candler hakuiamini sana biashara ya chupa. Akawapa karibu nchi yote ya Marekani kwa dola moja, na inasimuliwa kwamba hata dola hiyo hakuidai.

Watu wengi huisimulia habari hii kwa kicheko, kana kwamba Candler alikuwa mjinga. Lakini tuusome mkataba ule kwa jicho la mpangaji. Candler aliwapa chupa. Bilauri alijibakizia mwenyewe. Katika mji ule ule na mtaa ule ule, mwenye kiwanda cha chupa hakuwa na neno juu ya soda iliyouzwa kwa bilauri dukani. Kadhalika aliyatoa nje majimbo kadhaa, yakiwamo Mississippi na yale ya New England. Basi tangu siku ya kwanza mkataba huo mashuhuri ulikuwa na vyumba viwili: chumba cha alichopewa mpangaji, na chumba cha alichojibakizia mwenye jina. Chumba hiki cha pili ndicho wanasheria wa leo wakiitacho haki zilizobakizwa, na katika mikataba ya siku hizi ndicho chumba kikubwa zaidi nyumbani.

Kasoro ya mkataba wa Candler, kwa upande wake yeye, ilikuwa kwamba haukuwa na mwisho, na bei ya shira ya kutengenezea soda iliwekwa ikakaa. Sukari ilipopanda baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kampuni ilitaka kuuvunja. Mwaka 1920 watiaji chupa wakaenda mahakamani, na mwaka uliofuata pande zote zikapatana kwamba bei ya shira iende pamoja na bei ya sukari. Wenye majina walijifunza. Mkataba wa leo una miaka yake, mitano au kumi, na kuurudisha upya ni hiari ya mwenye jina.

Wala chumba cha haki zilizobakizwa hakikukaa kimya. Mwaka 2006 watiaji chupa kadhaa wa Coca-Cola huko Marekani waliishtaki kampuni mama pamoja na mtiaji chupa wake mkubwa kuliko wote, kwa sababu kinywaji kiitwacho Powerade kilipangwa kupelekwa moja kwa moja katika maghala ya maduka ya Walmart. Kwa zaidi ya miaka 100 desturi ilikuwa kwamba mtiaji chupa wa eneo ndiye apelekaye kinywaji hadi rafu ya duka la eneo lake. Sasa lori la mtu mwingine lingefika ghala kuu, na kutoka huko bidhaa ingetawanyika mpaka kwenye maduka yaliyo katika maeneo ya watu. Kesi ilimalizwa kwa mapatano mwaka 2007. Tuliangalie vema jambo hili: hakuna aliyefungua kiwanda ndani ya eneo la mwenziwe. Mpaka haukuvukwa kwa miguu, ulizungukwa.

Haya si mambo ya Marekani peke yake. Tumweke mbele yetu mtu wa Bunda, asiye na jina kwa kuwa ni wa mfano tu. Ameweka nyumba yake rehani benki, amenunua lori, amekodi ghala, amelipa amana ya makreti na chupa, ameajiri vijana watano. Mkataba wake wasema yeye ni msambazaji wa kinywaji fulani katika wilaya ya Bunda. Miaka miwili ya kwanza hulala ghalani. Apeleka mzigo Nyamuswa, apeleka Kibara, afika mpaka Kisorya ambako watu hungoja kivuko cha Ukerewe. Awakopesha wenye maduka makreti ya kwanza, awagawia majokofu. Duka lililokuwa likiuza kreti mbili kwa juma sasa lauza kumi. Soko hilo amelitengeneza kwa jasho lake.

Mwaka wa tatu kampuni yatuma barua yenye salamu nzuri. Hoteli za kitalii zilizo upande wa magharibi wa Serengeti, yasema, ni wateja maalumu, nazo zitahudumiwa na makao makuu. Baada ya miezi mitatu kinywaji kile kile chaja katika chupa ya plastiki, kina jina jingine kidogo, na msambazaji wake ni mtu mwingine, kwa kuwa mkataba wa mtu wetu ulitaja chupa za kioo. Halafu wenye maduka waanza kuagiza kwa simu zao, gari laja toka Mwanza, lapita mbele ya ghala lake bila kusimama. Mwisho, msambazaji mpya afunguliwa Makutano, pale barabara ya Musoma iachanapo na ile ya Sirari na ile ya Butiama. Makutano haiko wilaya ya Bunda, ni kweli. Lakini mwenye duka aliye mpakani hatazami wilaya, hutazama nauli.

Mtu wetu achukua mkataba wake, aupeleka kwa mtu ajuaye, na wote wawili wausoma kwa makini. Hakuna kilichovunjwa. Kila pigo lina kifungu chake. Katika ukurasa wa tisa imeandikwa kwamba kampuni yajibakizia haki ya kuuza kwa njia nyingine yoyote, kwa jina lolote, kwa wateja itakaowachagua, hata ndani ya eneo. Neno "hata" ni dogo sana, lakini ndilo lililochukua lori na nyumba.

Iko hatari nyingine ambayo vitabu vya ng'ambo haviitaji, kwa kuwa huko wilaya hazizaliwi mara kwa mara kama kwetu. Mwaka 2012 wilaya ya Butiama ilianzishwa, ikimegwa kutoka Musoma. Sasa fikiri mtu aliyeweka sahihi mwaka 2008 kwa eneo liitwalo "wilaya ya Musoma". Asubuhi moja serikali yaigawa wilaya, kwa sababu njema za utawala, nayo haina habari na soda zake. Je, Butiama ni yake bado? Yeye atasema naam, kwa kuwa siku ya sahihi kijiji cha Butiama kilikuwa Musoma. Kampuni itasema la, kwa kuwa mkataba wataja wilaya ya Musoma, na Butiama si Musoma. Wote wawili wana hoja, na mwenye wakili bora ndiye atakayelala usingizi. Dawa yake ni rahisi mno: kubandika ramani nyuma ya mkataba, au kuorodhesha kata kwa majina yake kama zilivyokuwa siku ya sahihi, na kuandika kwamba mabadiliko ya mipaka ya utawala hayatabadili eneo. Ni mstari mmoja wa maandishi. Ni wangapi walio nao?

Tumtendee haki mwenye jina naye. Akimpa mtu eneo zima peke yake, na mtu yule akawa mvivu au akakosa mtaji, basi eneo lote limekufa: mteja hana soda, na mwenye jina hana mauzo, wala hawezi kumwita mwingine. Hii ndiyo sababu mikataba mingi hufunga ulinzi wa eneo pamoja na malengo ya mauzo, kwamba ukishindwa kufikisha kiasi fulani mlango wafunguliwa kwa wengine. Si jambo baya, ikiwa malengo yamepimwa kwa soko la Bunda na si la Kariakoo.

Sisi wenyewe twayakumbuka madhara ya eneo la mtu mmoja. Katika miaka ya 1970 kila mkoa ulikuwa na kampuni yake ya biashara ya jumla, RTC, nayo ndiyo iliyogawa sukari, sabuni, vitenge na betri. Mara ilikuwa na yake. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa kwa wingi ili yale ya ushirika yachukue nafasi. Nia ilikuwa kumtoa mlanguzi kati ya kiwanda na mwananchi, na nia hiyo hatuidharau. Lakini aliyekosa sabuni katika duka la kijiji hakuwa na duka jingine la kwenda. Foleni za mwanzo wa miaka ya 1980 zilitokana na mengi, vita, mafuta na ukosefu wa fedha za kigeni. Hata hivyo, mgawaji asiye na mshindani hakuzifupisha.

Pamba nayo ina somo lake, tena ni somo la hapa hapa Mara. Baada ya soko kufunguliwa mwaka 1994, wanunuzi walijaa, na kila mmoja alikimbilia pamba. Aliyetoa mbegu na dawa kwa mkopo alikuta mavuno yamekwisha kuuzwa kwa mwingine aliyekuja na fedha taslimu tu. Hapo likaja wazo la kilimo cha mkataba, na mwishoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu ukawa mahali pa majaribio yake: mchambuaji pamba apewe vijiji vyake, awape wakulima pembejeo, na yeye ndiye anunue. Kwa mchambuaji huo ulikuwa ulinzi wa eneo. Bila ulinzi huo nani angethubutu kukopesha dawa? Lakini mkulima aliuliza swali lake: ikiwa mnunuzi ni mmoja, bei yangu italindwa na nani? Bei ya pamba duniani ilipopanda mno mwanzoni mwa 2011 kisha ikaporomoka, swali hilo liliulizwa kwa sauti kubwa zaidi. Tunaloliona hapa ni kwamba uzio wa biashara huwa na watu watatu: aliyejenga, aliyelindwa, na yule aliyefungiwa ndani bila kuulizwa. Mkataba huandikwa na wawili wa kwanza.

Na mpaka waweza kuwa mkubwa kuliko wilaya. Watu wa Mara wamekaa karibu na mstari uliochorwa Ulaya mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi kutoka mdomo wa mto Umba hadi ziwani. Mwaka 2002 kampuni za bia ziliutumia mstari ule ule. Kabla ya hapo Waafrika Kusini wa SAB, wenye hisa nyingi katika TBL, walikuwa wamejenga kiwanda Thika kushindana na Tusker nyumbani kwake; na Wakenya wa EABL walikuwa na kiwanda cha Kibo, Moshi. Vita vilikuwa vya gharama. Wakapatana: kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi kikaingia mikononi mwa TBL, kila upande ukapata asilimia 20 ya hisa katika biashara ya mwenziwe, na bia za Kenya zikaachiwa TBL kuzitengeneza na kuziuza Tanzania. Kwa maneno mengine, Kenya kwako, Tanzania kwangu.

Hapo ndipo aliyekodisha jina alipoionja hali ya kukaa nje ya uzio aliousaidia kuujenga. Bia zake zilikuwa mikononi mwa mtu mwenye bia zake mwenyewe za kuuza. Wakenya walilalamika kwamba majina yao hayakutangazwa kama ipasavyo, wenzao walikana. Mwaka 2010 EABL ilinunua asilimia 51 ya Serengeti Breweries, ikarudi Tanzania kwa mlango wake yenyewe, na mapatano ya 2002 yakawa historia. Mwenye jina naye, basi, aweza kuumizwa na eneo alilolitoa, ikiwa hakuandika ni bidii gani anayoitaka kwa mpangaji wake. Lakini yeye ana fedha za kununua kampuni nyingine. Mtu wetu wa Bunda hana.

Je, mahakama husemaje? Katika nchi ambako mikataba hii ni mingi, zimesema mambo mawili yasiyolingana. Mwaka 1991 mahakama moja ya Florida ilisikiliza kesi ya mpangaji wa Burger King aliyefunguliwa mwenziwe maili mbili tu kutoka dukani kwake. Mkataba ulisema waziwazi kwamba hana eneo la peke yake. Mahakama ikaona kwamba kukosa eneo la peke yake hakumpi mwenye jina ruhusa ya kuiua biashara ya mpangaji wake, kwa kuwa kila mkataba umebeba ndani yake wajibu wa kutendeana kwa nia njema. Wapangaji walifurahi kwa miaka minane. Mwaka 1999 mahakama ya rufani ya huko ikakataa fikira hiyo: kama maneno ya mkataba hayakutoa haki, nia njema haiwezi kuizaa. Mwaka 2000 wasuluhishi waliwapa ushindi wapangaji wa maduka ya dawa ya Drug Emporium, ambao kampuni mama ilikuwa imeanza kuuza kwa intaneti katika maeneo yao. Lakini hao mkataba wao ulikuwa umewapa eneo kwa maneno. Aliyeandikiwa alishinda, aliyetegemea huruma alishindwa.

Kanuni za serikali ya Marekani, zilizoanza kutumika mwaka 1979 na kurekebishwa 2007, zimemlazimisha mwenye jina ampe mpangaji kitabu cha maelezo kabla ya sahihi. Ndani yake iko sehemu maalumu ya eneo, na ikiwa mpangaji hapewi eneo la peke yake, yapasa aambiwe kwa maneno yaliyo wazi kwamba huenda akashindana na wapangaji wengine, na maduka ya mwenye jina mwenyewe, na njia nyingine za kuuzia. Kanuni hiyo haimkatazi mwenye jina kuwa mkali. Yamkataza kuwa mkali kwa siri.

Sisi Tanzania hatuna sheria ya namna hiyo iliyotungwa kwa ajili ya fransaizi. Tuna Sheria ya Mikataba, ambayo humpa kila mtu uhuru wa kujifunga kwa kamba aitakayo. Na tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, pamoja na Tume ya Ushindani na Baraza la Ushindani. Sheria hiyo huzuia mapatano yanayobana ushindani sokoni, na huwazuia wenye nguvu kubwa ya soko wasiitumie kuwafukuza wengine. Kazi yake ni kulilinda soko, na kwa njia hiyo mnunuzi. Msambazaji aliyenyang'anywa hoteli zake tano ataambiwa, na ni sawa kwa mujibu wa sheria ile, kwamba soko halikuumia: soda bado zipo, na labda bei imeshuka. Aliyeumia ni yeye peke yake, na kwa hilo arudi kwenye mkataba wake. Maoni yetu ni kwamba Bunge lingefanya jambo jema kutunga kanuni ndogo tu, kurasa chache, ya kuwataka wenye majina watoe maelezo ya eneo na ya haki walizojibakizia kabla ya mtu kulipa shilingi ya kwanza. Haingewagharimu wenye majina waaminifu chochote.

Mawakala wa fedha za simu wastahili neno lao, ingawa fupi. Pitia barabara ya Mukendo mjini Musoma uhesabu miavuli. Hakuna hata mmoja mwenye eneo. Kampuni husajili wakala mwingine hatua kumi kutoka kwa wa kwanza, na kwa mteja hilo ni jema, kwa maana akikosa floti hapa ataipata pale. Wala wakala hafungwi na jina moja. Wengi huhudumia kampuni tatu au nne mezani pamoja, na huo ndio ulinzi wao. Asiye na uzio yafaa asiwe na kamba shingoni. Balaa ni kwa yule afungwaye asiuze cha mwingine, kisha naye asipewe eneo la peke yake. Mkataba wa namna hiyo tungemshauri mtu auache mezani, hata kama kalamu aliyopewa ni ya dhahabu.

Basi mtu aliye tayari kuingia aulize nini? Aulize kwanza kama eneo lake ni la peke yake, na peke yake dhidi ya nani: dhidi ya wasambazaji wengine tu, au dhidi ya kampuni yenyewe pia? Haya ni mambo mawili mbali, na mikataba mingi hutoa la kwanza ikanyamaza juu ya la pili. Akiambiwa kwamba wateja maalumu ni wa makao makuu, aombe orodha yao kwa majina, na kwamba mzigo upitao katika eneo lake kwenda kwa wateja hao umletee yeye sehemu ya kamisheni, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitwa jokofu likiharibika. Aombe kwamba bidhaa mpya ya jina lile lile, au ya chupa nyingine, apewe yeye kwanza aikatae mwenyewe kabla ya kupewa mtu mwingine. Kampuni zikubali? Baadhi hukubali, hasa kwa mtu anayeonekana kuwa na ghala na sifa njema. Zile zisizokubali zitakuwa zimempa habari ya maana sana bila malipo.

Muda wa mkataba ulingane na muda wa mkopo. Mtu akikopa benki kwa miaka mitano, kisha akapewa mkataba wa miaka miwili, miaka mitatu ya mwisho ya deni lake inasimama hewani. Na iandikwe kwamba siku ya kuachana kampuni itayanunua makreti na chupa zilizobaki kwa bei ya amana aliyolipa, maana wengi hubaki na milima ya chupa tupu zenye jina la mtu mwingine, wasiloruhusiwa kulitumia wala kuliuza.

Kisha kuna kifungu cha mwisho, ambacho kwa desturi kiko chini kabisa, baada ya macho kuchoka: kesi zitasikilizwa wapi, na kwa lugha gani? Tangu mwaka 2021 sheria zetu zimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Mikataba ya makampuni bado huja kwa Kiingereza, na mara nyingine husema kwamba ugomvi wowote utapelekwa kwa msuluhishi aliye Nairobi, au London, au Johannesburg. Msambazaji wa Bunda mwenye madai ya shilingi milioni 30 hatapanda ndege kwenda London kuyadai. Nauli, hoteli na wakili vitayala madai kabla hajafika. Kwa hiyo adai nakala ya Kiswahili iliyo na sahihi zote mbili na yenye nguvu sawa na ile ya Kiingereza, na adai kwamba usuluhishi ufanyike Musoma, au ikishindikana Mwanza, mahali ambapo aweza kwenda kwa basi la asubuhi akiwa na mashahidi wake wawili na daftari lake la mauzo.